Lulu ya Mnyama Ambaye Damu Yake Haigandi

Mada yetu ni ufugaji wa lulu. Ningeweza kuanza na chaza, kwa kuwa chaza ndiye anayejulikana. Nimeamua kuanza na abaloni, kwa sababu yeye ndiye aliyewashinda mafundi kwa muda mrefu, na kwa kumtazama yeye tutaelewa kwa nini chaza alikubali.

Abaloni ni konokono wa baharini. Ana gamba moja tu, pana, lenye umbo la sikio. Kandokando ya gamba hilo pana mstari wa vitundu anavyotolea maji aliyokwisha kuyapumulia. Chini ana mguu, yaani msuli mpana na mnene unaoshika mwamba. Ukimwendea polepole ukamtia bapa la chuma kabla hajashtuka, anabanduka. Ukimgusa kwanza, hujigandamiza mwambani, na hapo hutamtoa bila kumjeruhi. Chakula chake ni mwani, na hutembea usiku kuutafuta. Ndani ya gamba lake mna rangi ambazo magamba mengi ya chaza hayana: bluu iliyokolea, kijani, zambarau na waridi, zikibadilishana kila ukiligeuza gamba mbele ya mwanga. Wako wa aina nyingi duniani, na wote wanasayansi wanawaita Haliotis. Anayesifiwa zaidi kwa rangi ni pāua wa New Zealand, Haliotis iris, ambaye hapatikani kwingine kokote.

Basi mfugaji anaiona rangi hiyo, anaitamani iwe lulu. Hapo anakutana na vikwazo viwili. Cha kwanza, damu ya abaloni haigandi. Jeraha ambalo kwa mnyama mwingine lingefunga kwa siku chache, kwake linaweza kuendelea kuvuja mpaka afe, na wengi wamekufa kwa mkato mdogo tu walioupata siku ya kubanduliwa. Cha pili ni ule mguu. Chaza ukimtilia kitu mwilini, hulala nacho. Abaloni ana misuli, anajikunja, anajisukuma, anatembea, na kitu kisichoshikamana na mwili wake atakitoa. Kwa hiyo unatakiwa kumtia mnyama huyu kitu kigeni bila kumkata, kikae humo miaka, naye aendelee kula na kukua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ili tuone jinsi hilo lilivyowezekana, lazima kwanza tuiondoe hadithi ya chembe ya mchanga. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mchanga ukiingia ndani ya chaza, chaza huumia, huufunika, nao huwa lulu. Lakini chaza anaishi baharini kwenye mchanga na tope. Maji yenye chembechembe hupita ndani yake mchana na usiku, naye huzitoa bila taabu. Kama mchanga ungetosha, kila chaza angekuwa na lulu, na bei ya lulu ingekuwa bei ya kokoto.

Kinachotengeneza lulu ni ngozi laini iliyotanda kati ya gamba na mwili, ambayo wataalamu huiita joho. Seli za uso wa nje wa joho ndizo zinazojenga gamba, na ndizo zinazotandaza lulumizi, ule utando unaong'aa ndani ya gamba. Lulumizi ni vibao vidogo mno vya madini ya chokaa, unene wa kila kimoja ni kama nusu ya sehemu ya elfu ya milimita, vimepangwa safu juu ya safu kama matofali, na katikati pana protini inayovishikisha. Mwanga ukipita katika safu hizo na kurudi, ndipo tunapoona zile rangi. Sasa ikitokea jeraha au kimelea kikasukuma seli chache za joho ndani ya nyama, seli hizo hazisahau kazi yake. Huzaliana, hufanya kifuko, na kuendelea kumwaga lulumizi ndani ya kifuko hicho. Hiyo ndiyo lulu.

Kumbe ziko njia mbili tu. Ya kwanza, unabandika kitu kwenye ukuta wa gamba, joho linakifunika pale pale, unapata lulu nusu iliyoshikamana na gamba. Ya pili, unahamisha seli za joho zenyewe, unazipandikiza ndani ya nyama, mara nyingi pamoja na kiini cha duara, unapata lulu kamili. Karibu kila ufundi nitakaoutaja leo ni moja kati ya hizo mbili.

Wachina walikuwa wa kwanza kuijua njia ya kwanza. Tangu karne ya 13, katika maeneo ya Huzhou, watu walikuwa wakiingiza sanamu ndogo za Buddha, nyingi za risasi, kati ya gamba na joho la kome wakubwa wa maji baridi. Baada ya muda sanamu zilitoka zikiwa zimevikwa lulumizi, zikauzwa kwa mahujaji. Ulaya ilichelewa. Mwaka 1761 Carl Linnaeus wa Uswidi, yule yule aliyewapa mimea na wanyama majina ya Kilatini, alifanikiwa kupata lulu za duara kutoka kwa kome wa mtoni. Alitoboa gamba, akapitisha uzi wa fedha wenye kijiwe cha chokaa nchani, kijiwe kikakaa mbali kidogo na gamba ili lulu isigande ukutani. Siri hiyo aliiuza kwa mfanyabiashara wa Gothenburg, naye hakuitumia. Maandishi yake yakaja kugunduliwa London mwaka 1901, wakati dunia tayari ilikuwa imeshika njia nyingine.

Mtu ninayemheshimu zaidi katika habari hii ni Mfaransa Louis Boutan. Wapiga picha wanamkumbuka kwa sababu yeye ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kupiga picha chini ya bahari, mwaka 1893. Lakini miaka michache baadaye, katika kituo cha utafiti cha Roscoff, pwani ya Brittany, aliwageukia abaloni wa huko na kujaribu kuwazalisha lulu. Alitoboa magamba yao na kuweka vitu juu ya joho, akapata lulu nusu zenye rangi nzuri. Tazameni alichofanya: aliingia kwa mlango wa gamba, ambalo halina damu, akaiacha nyama. Hakuna aliyeendeleza kazi hiyo kwa biashara wakati ule, ila fikra yake ndiyo inayofanya kazi mpaka leo.

Kilichoifunika kazi ya Boutan ni habari kutoka Japani. Mwaka 1893 Kokichi Mikimoto alipata lulu nusu katika chaza wake huko Toba, na mwaka 1896 akapewa hataza. Kisha wakaja watu wawili, Tatsuhei Mise na Tokichi Nishikawa, ambao kila mmoja kwa upande wake, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, walifikia njia ya pili: kupandikiza kipande cha joho pamoja na kiini. Njia yao ndiyo iliyojaza maduka ya dunia lulu za duara, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu.

Fundi anamchukua chaza aliyepumzishwa, anamfungua kwa kabari ndogo, kiasi cha kupitisha vyombo tu, maana ukimpanua sana msuli wake huchanika. Pembeni ameshakata joho la chaza mwingine, aliyetolewa kafara kwa ajili hiyo, vipande vya mraba vyenye upande wa milimita mbili au tatu. Kwa kisu chembamba anachora mfereji ndani ya tezi ya uzazi. Anasukuma kiini, kijiduara kilichochongwa kutoka gamba nene la kome wa mito ya Marekani, hasa bonde la Mississippi. Kisha anaweka kipande cha joho kikigusana na kiini, na hapa ndipo pana roho ya kazi: uso wa nje wa kipande lazima uelekee kiini. Kikigeuka, kifuko hakifanyiki ipasavyo. Chaza anarudishwa majini, wiki za mwanzo mahali patulivu. Wengine hufa, wengine hutapika kiini, na waliobaki huanza kukivika lulumizi.

Mjaribu abaloni kwa njia hiyo. Tezi yake ya uzazi imezunguka tezi ya chakula, pamoja zimefanya pembe iliyojikunja nyuma ya mwili. Ukiikata, damu inatoka na haikomi. Asipokufa, misuli itakitoa kiini. Ndiyo maana lulu za asili za abaloni zinazookotwa na wavuvi mara nyingi si za duara. Ni kama pembe au jino, na mara nyingi zina uwazi ndani, kwa kuwa zilifuata umbo la mahali zilipoota. Wajapani walijaribu, na wengine baada yao, na kwa miongo mingi kazi haikufika sokoni.

New Zealand ndiko walikokubali kumsikiliza mnyama. Huko hawakung'ang'ania lulu kamili. Walirudi kwenye lulu nusu, yaani kwenye fikra ya Boutan, ila wakaacha hata kutoboa. Nieleze hatua zao, kwa maana kila hatua imezaliwa na kile kizuizi cha damu.

Pāua anabanduliwa kwa bapa lisilo na makali, au anaachwa apande mwenyewe juu ya kibao, kisha kibao ndicho kinachotolewa majini. Hutiwa katika maji yenye dawa ya kumlegeza, mguu ukawa laini na hauwezi tena kushika wala kujikunja. Analazwa chali. Fundi anachukua kijiti butu, anasogeza ukingo wa joho taratibu, linaachana na gamba bila kukatwa hata uzi mmoja. Gamba linabaki wazi kwa nafasi ndogo. Anapangusa unyevu, anatia tone la gundi, anabandika kiini bapa upande mmoja na chenye mgongo upande wa pili, mara nyingi cha plastiki. Joho linaachiliwa, linateleza na kurudi mahali pake juu ya kiini. Mnyama mmoja hubeba kimoja, viwili au hata vitatu.

Mahali pa kubandika ndipo penye elimu. Karibu na vitundu hapafai, utaziba pumzi. Karibu na msuli mkubwa uliojishika katikati ya gamba hapafai, mguu utasukuma. Ukiweka kiini kirefu mno, joho halitaweza kukipanda, utapata kilima chenye upara juu. Kiini kifupi chenye mteremko wa polepole hufunikwa upesi, na lulu itakayotoka itakuwa na kuba la chini. Mnunuzi anapouliza kwa nini lulu za pāua si za duara, jibu ni kwamba duara lingemuua aliyeitengeneza.

Jambo la kwanza analofanya joho baada ya hapo si kumwaga lulumizi. Hutandaza kwanza tabaka la protini, la rangi ya kahawia iliyofifia, ndipo vibao vya lulumizi vifuate juu yake. Mnyama akipata mshtuko katikati ya safari, maji yakapanda joto ghafla, chakula kikakatika, au akashikwashikwa ovyo, hurudi kwenye lile tabaka la kahawia, na doa hilo litaonekana ndani ya lulu daima. Kwa hiyo ufugaji wa lulu ya abaloni, ukishapita ule wakati wa kubandika, ni kazi ya kulisha na kutunza maji: mwani mbichi, maji ya baridi yanayozunguka, giza la kutosha, na mikono michache. Hudumu miaka miwili, mitatu au zaidi. Katika maji ya baridi lulumizi hukua polepole, na wafugaji wanasema, nami nakubaliana nao, kwamba polepole hiyo ndiyo inayoleta mng'ao. Siku ya kuvuna, nyama huliwa, na gamba hukatwa kuzunguka lulu.

Wapo waliotaka kusonga mbele zaidi. Katika miaka ya 1990 Peter Fankboner wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, alipata hataza ya Marekani kwa njia ya kufuga lulu ndani ya abaloni na wanyama wengine wenye magamba. Na mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Florida Atlantic, Megan Davis na Héctor Acosta-Salmón, walitangaza kwamba wamepata lulu za kufugwa kutoka kwa konokono mkubwa wa Karibi, yule mwenye gamba la waridi. Konokono huyo hujificha ndani kabisa ya msokoto wa gamba lake, hata ilikuwa ikidhaniwa kwamba humfikii bila kuvunja gamba au kumuua. Wao walimfikia, na wanyama wao wakabaki hai. Lulu yake haina lulumizi, ina mng'ao wa waridi wenye mawimbi kama ya kauri. Huko China, nako, kome wa maji baridi wanapandikizwa vipande vya joho peke yake bila kiini, makumi kwa kila mnyama, na ndiyo sababu lulu za bei ndogo tunazoziona madukani karibu zote zatoka huko.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa mwambao? Yanatuhusu kwa uchungu kwanza. Kabla ya lulu za kufugwa, lulu za Ghuba ya Uajemi zilitolewa na wazamiaji walioshuka kwa jiwe na kamba, pua zikiwa zimebanwa, msimu mzima wa joto. Wengi wao walikuwa watu wetu. Hata baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873, vijana na watoto waliendelea kusafirishwa kwa siri kwa majahazi kwenda Omani na Ghuba, na wengi wakafanywa wazamiaji wa lulu, kwa sababu bei ya lulu Ulaya na Marekani ilikuwa ikipanda. Lulu ya Kijapani ilipoingia sokoni, kisha mdororo wa uchumi wa 1929 ukafuata, biashara ile ilianguka. Maskini wa Ghuba waliteseka, na hilo lisisahaulike. Lakini mimi siwezi kuisikitikia kazi iliyomtaka mtumwa apasue masikio na mapafu ili mwingine avae mkufu. Chaza anayefugwa kwenye kamba, mtu akisimama juu ya maji, ni maendeleo ya kibinadamu kabla hayajawa ya kibiashara.

Na yanatuhusu kwa kazi. Katika Ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja, vijiji vya Fumba, Bweleo na Nyamanzi vimeshafuga lulu nusu. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliwafundisha wanavijiji, wengi wao wanawake waliokuwa wakiokota chaza na kombe maji yakipwa, na Dakta Narriman Jiddawi ni mmoja wa waliosimama nao miaka mingi. Wanyama wao ni chaza mweusi mwenye bawa, Pteria penguin, na yule wa mdomo mweusi, Pinctada margaritifera. Gamba la Pteria ndani linang'aa shaba na fedha. Akibandikwa kiini, katika maji yetu ya joto huweza kuwa tayari ndani ya mwaka mmoja hivi. Wanawake wa Bweleo hukata gamba, hulisugua, huifanya lulu kuwa kidani au pete, na huuza wenyewe. Kifaa ghali katika kazi hiyo ni subira, kwa maana gundi, viini, kamba na maboya havimshindi mtu wa pwani aliyezoea kulima mwani.

Kinachonitia wasiwasi ni mbegu, yaani chaza wachanga. Ukiokota chaza wakubwa kila mwaka ili kuwabandika, baada ya miaka michache mwamba utabaki mtupu, na mradi utakufa pamoja na mfadhili wake. Japani, yenye mafundi wote wale, ilipoteza chaza wake wengi kwa ugonjwa kuanzia miaka ya 1990, na kabla ya hapo ilikuwa imejaza wanyama kupita kiasi katika ghuba zake. Kisiwani Mafia watafiti wameshapima mbegu za chaza hawa wawili zinavyojishika kwenye vitega vilivyotundikwa majini. Elimu hiyo inapaswa kushushwa vijijini kabla ya kitu kingine. Mfugaji ajue mwezi wa kutundika vitega, kina cha kuviweka, na ukubwa wa mbegu ya kuhamishia kwenye nyavu. Asibandike chaza ambaye hakumlea.

Kwa ndugu zetu walioko Omani nina la kusema pia. Pwani ya Dhofar ina abaloni wake, Haliotis mariae, ambaye wazamiaji wa Mirbat na Sadah humtafuta katika msimu mfupi, na serikali imelazimika kuweka ukubwa wa chini wa milimita 90 na kufunga uvuvi baadhi ya miaka kwa sababu amepungua. Anauzwa akiwa nyama iliyokaushwa. Ningependa kuona wafugaji wa huko wakimjaribu kwa lulu nusu, kwenye matangi, kwa wale waliozaliwa matangini na si waliotolewa mwambani. Mnyama anayekaa miaka miwili au mitatu akiwa na kiini chake, kisha akatoa lulu na nyama, ana sababu mbili za kuachwa akue.

Kwetu Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, mimi singependekeza abaloni. Maji yetu ni ya joto, na abaloni wa aina ndogo wanaopatikana huku wana magamba madogo mno kwa kiini. Tunaye Pteria. Kazi ya mwaka huu ingekuwa kuchagua vijiji vitatu vyenye maji yanayozunguka vizuri na ulinzi wa usiku, kutundika vitega kabla ya msimu wa mbegu, na kumfundisha mtu mmoja katika kila kijiji kubandika, asubuhi mapema, kivulini, chaza asikae nje ya maji zaidi ya dakika chache. Fundi huyo alipwe kwa chaza waliobaki hai baada ya mwezi, si kwa idadi ya viini alivyobandika.